Mikono ya Pip: Jinsi ya Kuchambua Ishara na Usimulizi katika Great Expectations

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasoma fasihi ya Kiingereza. Tulipewa insha ya kuchambua ishara na mbinu za usimulizi katika riwaya ya Charles Dickens, Great Expectations. Niliandika kwamba saa zilizosimama nyumbani kwa Miss Havisham ni ishara ya wakati uliosimama, keki ya harusi iliyooza ni ishara ya ndoto zilizokufa, ukungu ni ishara ya mkanganyiko, na minyororo ni ishara ya utumwa wa moyo. Mwishoni nikaweka aya moja kusema msimulizi ni wa nafsi ya kwanza. Insha imerudi na maneno mawili: "Umeorodhesha, hujachambua." Riwaya nimeisoma yote, tena mara mbili. Nimekosea wapi? Na je, nizungumzie miisho yake yote miwili?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Kwanza nikutoe wasiwasi: macho yako hayana kasoro. Vyote ulivyovitaja vimo, na kila kimoja kina uzito wake. Kilichokosekana ni mtu. Ishara zako zimeelea hewani, hazina anayeziona wala anayezisimulia. Na msimulizi naye umemfungia katika aya yake peke yake, mwisho kabisa, hana cha kusimulia. Katika riwaya hii mambo hayo mawili hayatenganishiki. Ukiyatenga tu, umebaki na orodha.

Chukua saa ulizozitaja. Miss Havisham alikuwa akivalishwa kwa ajili ya harusi yake ilipofika barua ya bwana harusi kumkataa, saa tatu kasoro dakika ishirini. Akazisimamisha saa zote za nyumba kwenye dakika ile ile. Sasa tazama: ni yeye aliyezisimamisha. Ishara ile ameitengeneza mwenyewe, akaivaa pamoja na gauni lake la harusi, akawa anawaonyesha wageni. Ukiandika kwamba saa zilizosimama zinaashiria wakati uliosimama, umerudia alichokisema Miss Havisham. Bado hujasema lolote kumhusu yeye, wala kumhusu Dickens. Swali lenye nyama ni hili: kwa nini mwanamke aliyeumizwa ageuze nyumba yake kuwa jumba la ishara, kisha amlee mtoto humo ndani? Na kuna swali la pili: Pip, msimulizi wetu, yatima aliyelelewa nyumbani kwa mhunzi, alipoingizwa chumbani humo kwa mara ya kwanza aliona nini? Msimulizi mwenyewe anasema hakuviona vyote katika nyakati za mwanzo, ila aliona vingi kuliko mtu angedhani. Sentensi hiyo ndogo imebeba watu wawili: mtoto anayekodoa macho, na mtu mzima anayekumbuka na kupanga. Uchambuzi unaanzia kwenye nafasi iliyo kati yao.

Kuna tukio moja ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka, nami huliona kama somo ambalo Dickens mwenyewe anatupa kuhusu kusoma ishara. Dada yake Pip, Mrs Joe, amepigwa kichwani na mtu asiyejulikana. Hawezi tena kusema. Anapewa kibao cha kuandikia, na mara kwa mara anachora alama inayofanana na herufi T. Pip anahangaika kumletea vitu ambavyo majina yake ya Kiingereza yanaanza na herufi hiyo: lami, mkate wa kuchoma, pipa. Wapi! Kisha anang'amua kwamba umbo lile ni kama nyundo. Anamletea nyundo zote za kiwandani, moja baada ya nyingine. Bado. Ndipo Biddy anakitazama kibao, anamtazama mgonjwa, anamtazama Joe, anakimbilia kiwandani. Mgonjwa anamtaka Orlick, kibarua wa mle. Jina lake limempotea, amebaki na nyundo yake.

Pip alisoma umbo. Biddy alisoma umbo, na aliyelichora, na watu waliomzunguka, na kazi wanayoifanya. Insha yako, mwanangu, imefanya kama Pip. Ninachokuomba ni ufanye kama Biddy.

Njia ninayowapa wanafunzi wangu ni kuacha ishara nyingi na kushika moja, kisha kuifuata tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kila inapojitokeza kuuliza: nani anaiona, nani anaisimulia, na umbali kati yao ni upi? Nitakufuatia moja hapa ili uone. Si saa, si ukungu. Ni mkono.

Neno la tahadhari kabla hatujaanza. Kiswahili chetu kinaita mkono kuanzia begani hadi vidoleni. Kiingereza kinatenga: kuna neno la kiganja na vidole, na neno jingine la sehemu ya juu yake. Unaposoma matini asilia, angalia ni lipi limetumika, maana Dickens hachanganyi.

Mikono imo katika sura ya kwanza kabisa, makaburini, mkesha wa Krismasi, katika nchi ya vinamasi huko Kent. Pip yatima anatazama mawe ya makaburi ya wazazi wake na ndugu zake wadogo watano, na kwa jinsi mawe yale yalivyolala anaamini kwamba ndugu zake walizaliwa chali, mikono mifukoni, na hawakuwahi kuitoa. Watu hucheka hapo, na ni haki wacheke. Lakini tazama kilichosemwa: watoto watano ambao mikono yao haikupata kugusa kitu duniani. Wa sita ndiye huyu aliye hai, na riwaya nzima itakuwa hadithi ya kile alichokigusa na kile alichokataa kugusa.

Ukurasa haujapoa, tunaambiwa Pip alilelewa na dada yake "kwa mkono". Zama zile maneno hayo yalimaanisha mtoto aliyekuzwa bila ziwa la mama, kwa kijiko au chupa. Mrs Joe anajisifia nayo kijiji kizima. Pip hajui maana hiyo. Anachojua ni kwamba mkono wa dada yake ni mgumu na mzito, na huwa unamwangukia yeye na mumewe pia. Basi anahitimisha kwamba yeye na Joe wote wawili wamelelewa kwa mkono. Hapa ndipo mbinu ya usimulizi inapofanya kazi. Mtoto hajui maana ya maneno. Mtu mzima anayesimulia anaijua, lakini hamsahihishi mtoto. Anaiacha maana yake isimame, kwa sababu ndiyo ya kweli zaidi. Kinaya chote cha sura za mwanzo kimejengwa hivyo: mtu mzima anamwazima mtoto msamiati wake, mtoto anamwazima mtu mzima maumivu yake.

Twende nyumbani kwa Miss Havisham. Estella, mtoto anayelelewa humo na wa rika la Pip, anacheza na Pip karata kisha anamdharau: kwanza jina analoiita karata fulani, halafu mikono yake migumu, halafu viatu vyake vizito. Pip anasema hakuwahi kabla ya hapo kuionea haya mikono yake. Dharau ya Estella ilikuwa na nguvu hata ikawa kama ugonjwa wa kuambukiza, naye akaupata. Usiandike kwamba "mikono migumu ni ishara ya tabaka la chini" ukaishia hapo. Ni kweli, lakini ni nusu tu. Kilichotokea ni kwamba mtoto ameazimwa macho ya mtu mwingine kujitazamia. Kuanzia siku hiyo, kila anapomwona Joe mhunzi, mtu pekee aliyemlinda, atamwona kwa macho hayo ya kuazima. Na msimulizi haioni tena aibu hiyo anapotusimulia; anajua fika kwamba mikono ile haikuwa na hatia yoyote.

Muda si mrefu baadaye, sura ya tisa ikifikia mwisho, msimulizi anafanya jambo asilolifanya mara nyingi: anatugeukia sisi, anatuomba tusimame kidogo tuifikirie minyororo mirefu ya chuma au dhahabu, ya miiba au maua, ambayo isingetufunga kamwe kama pete yake ya kwanza isingefuliwa siku moja ya kukumbukwa. Huo ndio mnyororo wako ulioutaja kwenye insha. Umeuita utumwa wa moyo, lakini umesahau kwamba ni mtu aliyekulia kwa mhunzi anayesema, na kwamba analisema baada ya miaka mingi, akiwa anajua pete ya kwanza iliungwa wapi. Mtoto wa siku ile asingeweza kuisema sentensi hiyo.

Sasa wakili Jaggers. Ana mkono mkubwa, kidole cha shahada anachokielekeza kwa watu au kukiuma, na tabia ya kunawa kwa sabuni ya manukato kila amalizapo na mteja, kama mtu anayeondoa kitu kilichomganda. Hilo wachambuzi wote wameliona, hata Pontio Pilato huitwa kutoa ushahidi. Mimi napenda uangalie kitu kingine. Pip anakutana na Jaggers mara ya kwanza ngazini kwa Miss Havisham, akiwa mtoto, na anakumbuka harufu ya sabuni ile mkononi mwake. Miaka inapita. Jaggers anafika kijijini kutangaza kwamba Pip ana mfadhili wa siri atakayemfanya muungwana, na Pip anamtambua, hata kwa harufu ile ile ya sabuni. Papo hapo anaamua: mfadhili ni Miss Havisham. Amekosea, na kosa hilo litamgharimu ujana wake wote. Wakili yule aliwatumikia wawili, Miss Havisham na mfungwa Magwitch, yule mtoro aliyemkamata Pip makaburini utotoni na ambaye ndiye mfadhili wa kweli, na sabuni ile ilikuwa ya kuwanawa watu wa aina ya Magwitch. Yaani ishara iliyompoteza Pip ndiyo iliyokuwa na jibu sahihi ndani yake.

Na msimulizi? Alijua. Tangu sentensi ya kwanza ya kitabu alijua mfadhili ni nani. Angeweza kutunong'oneza. Ananyamaza, anatuachia tufikiri alivyofikiri yeye, tumtukuze bibi tajiri na kumsahau mfungwa wa makaburini. Ukimaliza kitabu ndipo unaposhtuka kwamba nawe ulimsahau. Hiyo ni taharuki, ndiyo, lakini ina kazi kubwa kuliko kumfanya msomaji anunue toleo la wiki ijayo. (Ingawa kununua nako kulikuwamo: riwaya ilitoka kila wiki katika jarida la Dickens mwenyewe, All the Year Round, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Msomaji anayekaa siku saba bila kitabu anahitaji alama ya kumkumbushia mhusika, na sabuni ya Jaggers ilimfaa sana kwa hilo.)

Kuna mikono midogo ya pembeni ambayo ningesikitika kama ungeiacha. Wemmick, karani wa Jaggers, amejaza vidole vyake pete za kumbukumbu za wateja waliokufa. Pip anapomnyooshea mkono waagane, Wemmick anautazama kana kwamba Pip anataka kitu. Kisha anaeleza: ameshaacha mazoea ya kupeana mikono, isipokuwa mwishoni. Mwisho gani? Wa wateja wanaokwenda kunyongwa. Sisi tunao mkono wa buriani, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anaisikia baridi ya neno hilo mara moja. Halafu Pumblechook, mfanyabiashara mnafiki, ambaye Pip alipopata utajiri anamwomba ruhusa ya kumpa mkono tena na tena na tena, na Pip alipofilisika anamnyooshea mkono ule ule kwa madaha ya mtu anayesamehe.

Lakini moyo wa jambo uko mezani kwa Jaggers. Amewaalika vijana chakula cha jioni. Ghafla anamkamata mtumishi wake, Molly, mkono wake ukimfyatukia kama mtego, anamlazimisha awaonyeshe wageni vifundo vya mikono yake. Kimoja kina makovu makubwa. Anasifu nguvu zake. Baadaye tunajua kwa nini: Molly alishtakiwa kumnyonga mwanamke mwenzake, na Jaggers alimwokoa kwa kuifundisha mahakama namna ya kusoma mikono. Alimvika mikono ya nguo iliyoshonwa kwa ustadi ili mikono yake ionekane dhaifu, na mikwaruzo akaidai ni ya miiba, si ya kucha. Jioni ile ile anayosimuliwa hayo, Pip anavitazama vidole vya Molly vikicheza kama vinavyofuma, na kupitia vidole hivyo anamtambua mama yake Estella.

Simama hapo kidogo. Msichana aliyeicheka mikono migumu ya mtoto aliyelelewa kwa mhunzi amezaliwa na mikono ile. Na baba yake ni Magwitch. Dickens hatoi hotuba kuhusu matabaka, anakuonyesha vidole. Hapa nguvu yote inategemea kwamba msimulizi aliyaficha haya tangu ile siku ya karata, akaacha dharau ile iumize ilivyoumiza siku yake.

Sasa linganisha matukio mawili, na ukiweza kuyalinganisha vizuri insha yako itakuwa imesimama kwa miguu yake.

La kwanza: Jaggers bado yupo kijijini, Pip atakwenda London, na Joe amekataa kulipwa fidia ya kumpoteza mtoto. Joe ameweka mkono wake begani kwa Pip kwa upole wa mwanamke. Msimulizi anamfananisha na nyundo ya mvuke, inayoweza kumponda mtu au kuligusa ganda la yai bila kulivunja. Na hapo sauti ya mtu mzima inavunja hadithi na kuita: ewe Joe mwema, niliyekuwa tayari kukuacha, nakuona tena, na leo hii nausikia mtetemo wa mkono wako juu yangu. Nakuomba uusome ukurasa huo kwa sauti. Wakati uliopita unageuka kuwa sasa. Mkono ulioguswa zamani bado unatetemeka kwenye meza ya mwandishi.

La pili: usiku wa dhoruba, Pip ana miaka 23, Magwitch anatokea mlangoni baada ya miaka yote ya uhamishoni New South Wales, Australia, anamnyooshea mikono yote miwili, anaishika ya Pip na kuibusu. Pip anajikunyata kama aliyeguswa na nyoka. Na msimulizi safari hii haiti. Anamlilia Joe aliyemtupa kwa ajili ya mfungwa, lakini kwa Magwitch haombi radhi. Kwa nini amlilie mmoja na si mwingine? Nadhani ni kwa sababu kwa Joe hakufanya kitu siku ile. Alichobaki nacho ni majuto, na majuto yanahitaji maneno. Kwa Magwitch, radhi itaombwa baadaye kwa mikono yenyewe. Unaweza usikubaliane nami. Ila swali hilo lazima ulijibu kwa namna yako, kwa sababu ni hapo ishara na usimulizi vinapokutana uso kwa uso.

Radhi hiyo inaanza kwa moto. Gauni kuukuu la Miss Havisham linashika moto, Pip anauzima kwa mwili wake na kwa vitu vya meza ile ya harusi, na anapoinuka anashangaa kuona mikono yake yote imeungua. Mikono laini aliyoitafuta kwa miaka imekwisha. Wakati wa kumtorosha Magwitch kwa mashua mtoni Thames hawezi kupiga kasia. Rafiki zake wanapiga, yeye anashika usukani. Magwitch anakamatwa. Mahakamani watu thelathini na wawili wanahukumiwa kifo kwa mkupuo, naye Pip amesimama kando ya kizimba, ameushika mkono wa mfungwa mbele ya kila mtu. Kisha kitandani gerezani Magwitch anaubusu mkono wa Pip kwa mara ya mwisho, anaushusha kifuani pake, anaufunika kwa mikono yake mwenyewe. Busu lile lile la usiku wa dhoruba. Msimulizi hahitaji kueleza kilichobadilika, na wewe pia usimweleze zaidi ya inavyofaa.

Utasoma mahali kwamba Dickens, akiwa na miaka 12, alifanya kazi ya kubandika lebo kwenye vyombo vya dawa ya viatu, mwaka 1824, baba yake akiwa gerezani Marshalsea kwa deni, na kwamba aliificha siri hiyo mpaka rafiki yake John Forster alipoitoa katika wasifu baada ya kifo chake. Ni kweli, na inagusa. Ipe sentensi moja. Ukiipa aya tatu, mikono ya Pip itageuka kuwa ya Dickens, na riwaya itakuponyoka.

Kuhusu miisho: ndiyo, izungumzie yote miwili, lakini si kwa kuuliza upi unafurahisha zaidi. Katika mwisho wa kwanza aliouandika, ambao Forster aliuchapisha mwaka 1874, Pip na Estella wanakutana kwa muda mfupi London, Estella ameolewa tena, wanaachana. Rafiki yake mwandishi, Bulwer-Lytton, alimshauri aubadilishe, akaandika ule tunaousoma, kwenye magofu ya nyumba ya Miss Havisham. Uangalie mkono. Katika mwisho wa kwanza Estella ndiye anayesema kwamba alidhani Pip angependa kumpa mkono Estella naye, na Pip anaondoka akiwa na hakika, kwa uso, sauti na mguso wake, kwamba mateso yamemfundisha. Katika wa pili, Pip ndiye anayeushika mkono wake, wanatoka magofuni pamoja. Dickens alibadilisha mahali, hali ya ndoa, hata hatima ya watu wake. Mkono hakuuondoa.

Kwa hiyo ukiandika upya, usianze na maana ya ishara. Anza na wale ndugu watano makaburini, mikono mifukoni, na anayesema kwamba aliwahi kuamini hivyo. Nitumie aya yako ya kwanza tu, nitaisoma.